Pini ya Sitini

9 Februari

Mdogo wangu,

Huku tupo, na tukisema tupo ujue kila mtu anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Goti la kushoto la Mama limekubali kukunja, la kulia bado linamjibu vibaya. Anakusalimu, na anauliza kama huko kwenye kituo chenu cha hali ya hewa unavaa soksi mbili mbili kama alivyokuagiza. Jibu ndiyo hata kama si kweli, maana asipojibiwa nasumbuliwa mimi. Paa la uani nimeliwekea mabati matatu mapya. Mpangaji wa chumba cha nyuma amehama, na ngazi yetu imehama naye.

Sasa kaa vizuri. Nimeunda kompyuta.

Usicheke. Ile mashine ya kudarizi niliyoipata mwaka jana ni nzima, ila haina akili yake. Lazima nembo ichorwe kwanza kwenye kompyuta, ndipo mashine ijue ipitishe sindano wapi. Na kuna shule, ile yenye ukuta wa kijani karibu na ghala la mbao, inataka nembo za sweta mia sita na arobaini. Mwalimu mkuu amenipa mpaka tarehe 30 Aprili nimpelekee sampuli. Anayeigombea kazi hii na mimi unamjua: Meneja. Kiwanda kilekile nilichokishonea kola miaka kumi na tisa, kikanitoa kwa dakika kumi na moja. Niliangalia saa ya ukutani wakati naingia ofisini kwake, nikaiangalia tena wakati natoka. Kwa hiyo sampuli hiyo itafika. Hilo limekwisha, tuendelee.

Vifaa nimenunua kimoja kimoja kwa miezi saba, kwa yule muuza vipuri ninayemwita Bwana Nakuhakikishia, maana hafungui mdomo bila neno hilo. Siku ya mwisho akaniambia, "Mama, nakuhakikishia, hii si cherehani." Nikamwambia ningetaka cherehani ningekwenda kwa watu wanaoielewa. Kijitabu kina kurasa arobaini na nane, nimekisoma mara mbili. Bodi nimeifunga kwa skrubu tisa, kwa bisibisi ya Baba, ile yenye mpini aliouchakaza kwa kisu. Kazi yote nimeifanya juu ya meza ya kukatia nguo, siku tano.

Nikabonyeza. Feni ikazunguka nusu raundi, ikasema tik, ikanyamaza. Nimebonyeza mara kumi na saba. Mara kumi na saba nusu raundi, tik, kimya. Mama ameipa jina la Mgeni, kwa sababu imekaa sebuleni na haisemi kitu. Kila asubuhi anauliza, "Mgeni wako kaamka?"

Nimekuchorea mchoro, ukurasa mzima, nyaya zote kwa rangi zake. Uangalie, unijibu. Wewe ndiye fundi wa ukoo.

Dada yako


23 Februari

Dada,

Mwambie Mama soksi ni mbili mbili, na siku za ukungu ni tatu. Goti la kulia lisilazimishwe. Huku tumezima pampu moja, tumewasha nyingine, upepo umeng'oa kikombe cha kupimia mvua tukakikuta bondeni kikiwa kimejaa. Tumeletewa mpishi mpya. Chakula chake kinavumilika, ila ana sauti nzuri, na kila jioni anatusomea magazeti ya mwezi uliopita kutoka ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Nampenda kwa hilo.

Kuhusu kompyuta: kwanza acha kubonyeza. Mara kumi na saba umeigongea mlango ule ule. Kile kisanduku cha umeme hakijaharibika. Kina woga. Kinatoa umeme, kinahisi umeme unatorokea mahali pasipo pake, kinajifunga. Ile tik ndiyo kufunga kwake. Nijibu haya.

Tik inatokea kwenye kisanduku cha umeme au kwenye bodi? Tega sikio karibu kabisa.

Kati ya kubonyeza na tik, unawahi kutamka "moja" likaisha, au inakukatiza?

Ukichomoa vipande vyote viwili vya memori kisha ukabonyeza mara moja, kile kispika kidogo cha bodi kinalia?

Kisanduku cha umeme kikishajifunga mara tatu, ukikiwekea kiganja kina joto?

Ndani ya kasha kuna harufu ya plastiki iliyoungua?

Ile plagi ya mraba karibu na prosesa, ukiisukuma kwa kidole gumba, inaingia zaidi au imefika mwisho?

Hayo yanatosha. Na usimpelekee Bwana Nakuhakikishia. Akiifungua mara moja, hutajua tena kosa lilikuwa lako au lake.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Mama kapokea habari ya soksi tatu kama mtu aliyeshinda kesi. Goti halilazimishwi, linabembelezwa. Wewe hujasema habari yako hata moja. Umesema ya pampu, ya upepo, ya kikombe na ya mpishi.

Majibu. Tik ni ya kisanduku cha umeme. Nimetega sikio mpaka shavu likashika vumbi. Neno "moja" haliishi, naishia "mo". Bila memori, kispika hakilii. Joto hakuna. Harufu hakuna, isipokuwa ya mafuta ya cherehani, na hiyo ni yangu. Plagi ya mraba imefika mwisho, nimeisukuma hadi kucha ikageuka nyeupe. Kisha, kwa akili yangu, nikachomoa diski, nikabonyeza. Nikachomoa feni ya nyuma, nikabonyeza. Mambo ni yale yale. Nimebaki na bodi, prosesa na kisanduku cha umeme, na bado ni nusu raundi. Kwa hiyo vitu vinne si vyenye kosa. Hiyo ni hesabu, siyo kubahatisha.

Jana nilipita mbele ya kiwanda kununua uzi. Meneja alikuwa mlangoni. Akasema, "Nasikia siku hizi umekuwa injinia." Nikamwambia bado, lakini nikiwa nitamletea kadi. Ameshaagiza nyuzi za rangi ya shule. Katoni nne, nimeziona zikishushwa.

Mambo mawili. La kwanza, mchoro wangu hujausema. Nilitumia nusu siku na kalamu nne. La pili, barua yako imekula karatasi tano. Zamani habari kama hiyo ungeibana upande mmoja na pembeni ungeandika salamu. Herufi zako zimenenepa kama zimelala hoteli. Ni nini?

Dada yako


23 Machi

Mdogo wangu,

Malori matatu yamepanda huko na kushuka: tarehe 9, tarehe 16 na leo. Dereva ameniambia uko mzima, unakula na unagomba. Basi gomba na mimi pia, kwa maandishi.

Mama hajambo. Nimebakiza siku thelathini na nane.

Pengine mchoro wa kwanza ulikuchanganya. Nimekuchorea wa pili, safi zaidi, uko karatasi ya nyuma. Niambie unaonaje.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Msinilaumu, lori lilikuja nikiwa juu ya mnara, barua haikuwa tayari. Herufi ni kubwa kwa sababu kalamu iliyobaki stoo ni ya kuandikia masanduku. Habari yangu ni njema. Mwambie Mama nimenenepa.

Michoro yote nimeipata, asante. Wa pili umetulia kuliko wa kwanza.

Umefanya vizuri kuchomoa vitu. Sasa tujue hivi: umeme unatorokea chini ya bodi. Bodi imekaa juu ya viguzo vyake vifupi ili mgongo wake usiguse bati la kasha. Kitu chochote cha chuma kikiingia hapo katikati, umeme unapata njia ya mkato na kisanduku kinajifunga. Kwa hiyo:

Ukiliinamisha kasha upande wa kulia, kuna kitu kinachotembea ndani, hata sauti ya chembe ya mchanga?

Ukipitisha ukucha kwenye ukingo wa bodi, pande zote nne, kuna nafasi sawasawa?

Na la mwisho. Najua ulivyo unapofanya kazi ya mikono juu ya meza ile. Pini ziko mdomoni kabla hujajua umeziweka. Hesabu pini zako, Dada. Ziko ngapi?

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu za Mama utazikuta mwisho wa barua, leo siwezi kuanza nazo.

Pini.

Wewe unajua kuliko mtu yeyote. Miaka kumi na tisa kila jioni tulipangwa mstari, kila mshonaji na kimto chake, tunahesabu pini mbele ya msimamizi, tunatia sahihi kitabuni. Aliyepungukiwa hatoki. Mimi sikupungukiwa hata siku moja. Kisha pini ikaonekana kwenye kola ya shati la mtoto, na kwa sababu kola ni zangu, pini ikawa yangu. Kitabu kilisema sivyo. Meneja hakukifungua. Siku ile nilipofika nyumbani nilinunua kasha jipya la pini, limeandikwa sitini juu ya kifuniko, nikajiapia sitazihesabu maisha yangu yote. Nahesabu vifungo, mita, siku, mabati na hatua za kwenda sokoni. Pini sihesabu. Kuhesabu pini ni kazi ya mtu anayeshukiwa, na nyumbani kwangu hakuna anayenishuku. Nilidhani hakuna.

Nimeliinamisha kasha kulia, kushoto na kichwa chini. Hakuna kinachotembea. Nafasi pande zote nne iko sawa. Bodi siitoi. Skrubu tisa nimezifunga mimi, na zitabaki zilivyo.

Sasa zamu yangu ya kuhesabu. Umeniuliza maswali tisa kuhusu kompyuta hii. Manne ya sikio. Matatu ya vidole. Moja la pua. Moja la kunitukana. La jicho, sifuri. Hakuna fundi duniani asiyeuliza taa ya bodi inawaka rangi gani. Hata Bwana Nakuhakikishia angeuliza. Na mchoro wangu wa pili, ule uliotulia kuliko wa kwanza, ulikuwa karatasi tupu. Sikuweka hata nukta.

Nilimlisha Baba miaka saba. Najua mtu anavyopapasa meza kabla ya kuweka kikombe, na najua anavyosema "naona" kwa haraka kabla hajaulizwa.

Haya, tufanye biashara. Nyoosha mkono wako mbele ya uso, mchana kweupe, unijibu ni vidole vingapi unavihesabu, jicho la kulia na jicho la kushoto. Siku utakayonipa hesabu hiyo, nitahesabu pini. Kabla ya hapo hata moja.

Na wewe mpishi, kama ni wewe unayemsomea, msomee yote. Ukiruka mstari nitajua.

Mama anakusalimu. Hajui kitu. Zimebaki siku ishirini na nne.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Barua hii inaandikwa na mpishi. Makosa ya herufi ni yake, makali ni yangu. Anakuambia hakuruka mstari, na kwamba mahali pa kumtaja yeye alisoma mara mbili.

Ile karatasi tupu alidhani umekunja vibaya, hakuitaja. Ningekuwa naiona ningecheka.

Jicho la kulia: naona mkono. Siuhesabu. Ni kama tawi nyuma ya pazia. Jicho la kushoto: viwili, wakati mwingine vitatu, saa sita mchana, nikiwa nimegeuza shingo. Daktari aliyepita na gari la chanjo mwezi wa Desemba alisema ni presha ya macho. Nikamwambia naijua, iliwahi kuishi kwetu. Akasema la kushoto linaweza kuokolewa kwa dawa nikiwahi. Sikuwahi. Sijashuka huu mwezi wa tano.

Vipimo vya kituo havijakosewa. Mpishi anasoma, mimi napiga hesabu kichwani, na mkuu wa kituo anajua tangu wiki iliyopita kwa sababu nimemwambia mwenyewe. Hakunifokea. Akaniuliza kama nataka chai. Hapo ndipo nilipotaka kumrushia kitu.

Unauliza kwa nini sikukwambia. Nitakujibu na usikasirike, au kasirika, ni mamoja. Baba alifunga umeme nusu ya mtaa ule. Macho yalipoondoka tulimkatia nyama kwenye sahani, tulimjibia wageni mlangoni akiwa amekaa hapo hapo, tulimvuta mkono hadi chooni kama mbuzi anayeogopa daraja. Miaka saba kwenye kiti kimoja. Siku alipoomba bisibisi arekebishe redio, alinyimwa. Wewe ndiye uliyemnyang'anya, ukasema atajichoma. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, sikusema kitu. Kwa hiyo silaumu mtu mmoja. Lakini nilijiapia kwamba mimi kiti kile sikikalii. Wewe una kiapo chako cha pini, mimi nina changu.

Nimelipa. Sasa na wewe lipa.

Na usiniambie hakuna kinachotembea. Pini iliyobanwa haitembei. Toa bodi. Skrubu ulizofunga wewe zitakutii wewe ukizifungua. Zimebaki siku kumi.

Mdogo wako


4 Mei

Mdogo wangu,

Tupo, sote wawili, na Mgeni wa tatu. Mama sasa anajua habari ya macho yako. Nilimwambia jikoni. Hakulia. Alisema, "Ndiyo maana alikubali soksi tatu haraka hivyo," akaendelea kuosha kikombe kilekile mpaka nikakichukua mkononi mwake.

Hamsini na tisa.

Nilizimwaga kwenye sahani nyeupe Jumatatu asubuhi, nikazihesabu mara ya kwanza, nikazihesabu mara ya pili kwa makumi, mara ya tatu nikamwita Mama azihesabu yeye. Hamsini na tisa. Kisha nikachukua bisibisi.

Skrubu ya kwanza hadi ya nane zilitoka kwa heshima. Ya tisa, ile ya kona karibu na prosesa, ilitoka na bodi ikanyanyuka kidogo upande huo, kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Nikaigeuza. Pini ilikuwa imelala kati ya mgongo wa bodi na kile kiguzo cha kona, kichwa chake cheupe kimebanwa, mwili wote umegusa bati. Nadhani nilipokuwa nafunga skrubu hiyo niliimba. Siwezi kuimba na pini mdomoni bila kuacha moja.

Nikaitoa. Nikaifunga bodi tena, skrubu tisa, mdomo mtupu. Memori, diski, feni. Nikabonyeza mara moja tu. Feni ikamaliza raundi, ikaenda ya pili, sikuweza kuzihesabu tena. Kispika kikatoa mlio mmoja mfupi. Mama akasema toka chumbani, "Mgeni kakohoa."

Sampuli niliipeleka tarehe 29, saa nne asubuhi. Mwalimu mkuu aliiweka mezani pembeni ya ile ya kiwanda. Akaigeuza ya kiwanda, nyuma nyuzi zinaning'inia kama mizizi. Akaigeuza yangu. Akaniuliza, "Nani amekuchorea hii?" Nikamwambia mimi. Akauliza, "Kwenye kompyuta ya nani?" Nikamwambia yangu, na kama anataka kujua ina skrubu ngapi nitamwambia. Nembo mia sita na arobaini. Nimeshatia sahihi.

Meneja tulikutana dukani kwa nyuzi. Akasema nina bahati. Nikamwambia ndiyo, ilianza siku ile aliponipa dakika kumi na moja.

Sasa sikia, na mpishi asome taratibu. Hii pini moja ni yangu, naikubali mbele yenu wote. Ile ya kiwandani haikuwa yangu na haitakuwa. Zetu zilikuwa na vichwa, ile ilikuwa kipara. Mtu anaweza kuangusha pini moja bila kuwa ameangusha zote. Usinichanganyie hesabu.

Na kuna jambo jingine. Nilipokuwa nafungua hizo skrubu, kidole changu kikawa kinapita kwenye mpini wa bisibisi ya Baba, pale alipouchakaza. Siku zote nilidhani alikuwa anacheza na kisu kwa kukosa kazi, na ndiyo sababu nilimnyang'anya na kisu pia. Nikaenda kwenye droo, nikatoa zile nyingine nne. Ya nyota ina mikato mitatu. Ya bapa kubwa ina mmoja. Ya bapa ndogo ina miwili. Ile nzito ya kufungia betri ina minne. Ile ndefu ina mkato mmoja mrefu wa kuzunguka. Nilifumba macho nikazichanganya mezani, nikazipanga upya. Sikukosea hata moja. Alikuwa ameshajipangia kazi, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekuwa sioni.

Sitaandika zaidi juu ya hilo. Utanielewa.

Nimekuandikisha hospitali ya macho tarehe 21. Ukitaka kukataa, njoo ukatae ukiwa hapa. Kiti cha Baba nimempa fundi seremala, amekitoa miguu anatengeneza stuli mbili za karakana. Natafuta mtu wa kukagua nembo mia sita na arobaini kabla hazijatoka mlangoni, na mtu wa kuisikiliza hii mashine ikianza kulalamika. Simtafuti mgonjwa. Mgonjwa ninaye mmoja, ni goti.

Ndani ya bahasha kuna nembo. Ni nakala ya ile ya sampuli. Mpishi asikueleze ikoje. Ipapase.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Mpishi ananiandikia tena, na amenuna kwa sababu amejua naondoka. Anasema sasa atamsomea nani matangazo ya vifo. Mwambie Mama soksi nakuja nazo zote, zifuliwe. Mkuu wa kituo amesaini barua yangu ya kuondoka na safari hii hakuniuliza habari ya chai. Aliniuliza nani atamfundisha mtu mpya kuzisikiliza pampu. Nimemfundisha mpishi.

Nembo nimeipapasa siku mbili, kwa vidole vya mkono wa kushoto, vya kulia vina sugu. Imeandikwa BIDII NA ADABU, usiniambie sivyo. Mzunguko wa nje ni mzuri. Kitabu katikati ni kizuri, kurasa zake nimezihesabu, nne na nne. Lakini neno la kwanza, herufi ya tatu, ile D, tumboni uzi umelegea. Ukucha unaingia chini yake. Mtoto akiuvuta darasani, kabla ya muhula kwisha hiyo D itakuwa I. Hukuiona wala mwalimu mkuu hakuiona. Kaza hapo kabla hujashona ya pili.

Nakuja na lori la tarehe 18. Usinipokee stendi. Najua hatua za kutoka stendi hadi kwetu, ni mia nne na kumi, na lile shimo mbele ya duka la vipuri. Kama limezibwa, niandikie. Kama halijazibwa, liache hivyo hivyo, litaniambia nimefika wapi.

Bisibisi ziache droo ya kwanza, kulia. Mashine usiiguse ikilia, ningoje.

Na zile pini, zihesabu kabla sijafika. Zikitimia sitini, nitakaa kwenye hiyo stuli bila kuipapasa kwanza.

Mdogo wako